Kadi ya milango 21

Tuliombwa sisi wa mwaka wa nne tueleze namna ya kutengeneza kadi za kufunguka, zile tunazouza kila mwisho wa mwaka pale karibu na mlango wa masomo. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanatuuliza kila mara: "Munafanya aje mpaka ile kitu inasimama yenyewe?" Tutaeleza. Lakini hatuwezi kueleza kazi hii ya mikono bila kusema tuliipata wapi, na hapo kuna habari isiyotupa heshima. Tulifikiri kuiacha. Mwenzetu mmoja, ambaye habari hii ni yake kuliko yetu, akasema: "Kama munaandika kadi, muandike na benchi." Basi tunaandika na benchi.

Mwaka 2018 tulikuwa primeri ya sita, hapa Butembo. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Ulianzia upande wa Mangina, ukaingia Beni, kisha ukashuka kwetu. Tulizoea pipa la maji ya kloro mlangoni mwa masomo, na mtu wa kutupima joto kwenye paji la uso. Kupeana mikono kulikatazwa. Na ninyi munajua desturi yetu huku: mtu asiyetoa mkono ni mtu mwenye hasira, ao ana deni lako. Watu wakaanza kugusana viwiko. Vijana wakagusana miguu. Wazee walikataa mchezo ule, wakabaki kuweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa.

Mwanzo wa mwezi wa Novemba, mwenzetu wa benchi ya tatu alienda Beni pamoja na mama yake, sababu tantine wake alikuwa mgonjwa. Hata wiki haikuisha tantine akafa. Wakapima, wakaona ni Ebola. Watu wote waliokuwa katika nyumba ile waliandikwa majina, wakachanjwa, wakaambiwa wakae siku 21 bila kusafiri, wakipimwa joto kila siku. Ni siku 21 kwa sababu ugonjwa huo unaweza kujificha ndani ya mtu muda huo wote kabla ya kuonekana. Mtu akipita siku hizo bila homa, yeye ni mzima kama mimi na weye.

Habari ilitufikia siku ya tatu. Tungependa kusema kwamba tulilia ao tuliomba. Hapana. Kitu cha kwanza tulichofanya, sisi watano tuliokaa mbele na nyuma yake, ni kuibeba benchi yake kwa majani ya ndizi ili tusiiguse, tukaitupa nyuma ya vyoo. Benchi ile hakuikalia tangu siku nyingi. Alipoikalia mara ya mwisho hata Beni alikuwa hajafika. Hatukufikiri hivyo. Na kulikuwa na makasi yake, ambayo alituazima kabla ya kusafiri. Hiyo nayo tuliisukuma kwa kijiti mpaka pembeni ya ukuta, ikabaki pale, kila mtu akiizunguka kama nyoka.

Asubuhi mwalimu aliingia, akaona nafasi tupu.

"Benchi iko wapi?"

Kimya. Mmoja wetu akasema: "Mwalimu, iko inje. Ni juu ya ugonjwa."

Mwalimu hakupiga kelele. Aliandika kwenye tablo namba 21, akatuuliza tangu siku ile mwenzetu alipotoka Butembo ni siku ngapi, na kabla ya hapo aligusa benchi siku gani. Tulifanya hesabu sisi wenyewe, na hesabu ikatuhukumu. Kisha akainama, akaokota makasi kwa mkono wake, akaitia katika maji ya kloro, akaifuta, akaiweka juu ya meza. Akasema: "Nani atamuandikia?" Hakuna aliyeinua mkono. Saa ya kutoka akatubakiza sisi watano.

Tulifikiri ni fimbo. Ilikuwa ni kartoni ya sabuni.

Mwalimu alitueleza habari ya Waprotestanti wa Ujerumani wa karne ya 19. Watoto wao walikuwa wakisumbua kila siku: "Noeli itafika lini?" Wazazi katika nyumba nyingine wakachora mistari ya chaki mlangoni, na kila siku mtoto akafuta mstari mmoja. Mwanzo wa karne ya 20 Gerhard Lang, mchapaji wa Munich, akaanza kuchapa kalenda za siku hizo za kungojea Noeli, na baadaye zikawekwa milango midogo ya karatasi: kila siku mtoto anafungua mmoja, anakuta picha. "Kungojea ni kazi ngumu," akasema mwalimu. "Mtu akiwa na kitu cha kufungua kesho, anaweza kuvumilia leo. Mwenzenu iko anangojea siku 21. Mumufanyizie milango 21."

Basi sikilizeni sasa namna ya kufanya, ninyi munaotaka kujua.

Kwanza gundi. Chukua unga wa muhogo, vijiko viwili, koroga katika maji baridi, kisha pika polepole mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Inashika karatasi vizuri sana, na haiombi franka. Iache ipoe kwanza. Na usiitie nyingi, sababu karatasi itajikunja na panya watakuja kula kadi yako usiku.

Pili, milango. Unahitaji karatasi mbili ngumu za kipimo kimoja. Kadi yetu ilikuwa na sentimita 22 kwa upana na 12 kwa urefu ikiwa imefungwa. Kwenye karatasi ya juu piga milango kwa rula na biki: mistari 3, kila mstari milango 7. Kata kila mlango pande tatu kwa wembe, upande wa nne ukunje tu. Hiyo ndiyo bawaba yake. Kwenye karatasi ya chini chora vitu vyako, kila kitu chini ya mlango wake. Paka gundi pembezoni na katikati ya milango, kamwe si juu ya milango yenyewe. Kadi yetu ya kwanza kabisa ilikuwa na milango mitano isiyofunguka hata kwa kisu.

Tatu, kitu cha kusimama. Hapa ndipo watu wengi wanaogopa, lakini ni kitu chepesi. Kunja bristoli katikati. Juu ya mkunjo, kata mikato miwili iliyo sawasawa, tuseme ya sentimita 3, ukiwa umeshika karatasi imekunjwa. Fungua, sukuma kile kipande cha katikati kiingie ndani. Utaona kimekuwa kama kiti kidogo. Bandika sanamu yako mbele ya kiti kile. Kila utakapofungua kadi, kiti kitainuka, na sanamu itasimama nacho. Kisha bandika kartoni ya nje ili kufunika tundu, lakini gundi isiguse kiti.

Kuna sheria moja. Wakati kadi inafungwa, sanamu inalala kuelekea mbele. Kwa hiyo urefu wa mkato pamoja na urefu wa sanamu lazima vipunguke kidogo kuliko ukurasa. Ukurasa wetu ulikuwa wa sentimita 12, mkato 3, basi sanamu isipite 8 na nusu. Sisi tuliifanya ya 11, kwa kupenda ukubwa, na kadi ilipofungwa ilitoa sentimita 2 za vidole nje. Tukaanza upya.

Ndiyo, vidole. Tulibishana sana sanamu iwe nini. Mmoja alitaka ua, mwingine msalaba, mwingine nyumba. Mwalimu akauliza: "Yeye amekosa nini kule?" Tukajibu kwamba hakuna mtu anayemsalimia kwa mkono. Basi tukafanya mkono. Sisi tulikuwa watano, kila mmoja akachora kidole chake mwenyewe juu ya bristoli, tukakata kwa makasi yake yeye. Mkono ule ulikuwa mbaya, tunakubali. Kidole gumba kilikuwa cha mwenzetu mnene na kilishinda vyote. Tuliutoboa kwenye kifundo, tukaushona kwa uzi wenye mafundo mbele na nyuma ili uweze kuzunguka. Chini ya kifundo tukafunga ukanda mwembamba wa karatasi, tukautoa pembeni mwa kadi. Ukivuta na kusukuma ukanda, mkono unapunga.

Chini ya milango tuliandika mambo madogo. Mbuzi wa direkta amekula kaye mbili. Mwalimu wa hesabu ameteleza mbele ya tablo. Chini ya mlango wa 9 tuliweka kitendawili, "Nyumba yangu haina mlango", na jibu lake, yai, chini ya mlango wa 10, ili alale akifikiri.

Chini ya mlango wa 21 tuliandika: "Benchi yako tumeirudisha."

Mwalimu aliinua mlango ule, akasoma. Akaufunga kwa kidole. "Na kweli mumeirudisha?" Hatukujibu. Benchi ilikuwa bado nyuma ya vyoo, na mvua ya Novemba juu yake. "Basi," akasema, "muko na siku za kuifanya iwe kweli." Hakusema neno lingine.

Baba wa mmoja wetu alikuwa dereva wa taksi ya Butembo na Beni. Alichukua kadi ndani ya mfuko, akapita Maboya na Kabasha, akanawa mikono kwenye vizuizi vyote, akaifikisha siku ya sita. Dereva akarudi na habari kwamba mtoto ameipokea, amecheka. Sisi tukafurahi sana. Na kwa sababu tulifurahi, benchi tukaisahau. Tuliona kama kadi imekwisha kumaliza deni.

Siku ya 14 mwenzetu alipata homa. Sasa tunajua ilikuwa malaria, lakini siku ile nani angejua? Gari lilikuja kumchukua mpaka kituo cha matunzo, kile watu walikiita CTE. Jirani walisimama wakitazama. Alikuwa ameshika kadi mkononi, hakuna aliyemzuia. Alilala ndani siku tatu, akapimwa mara mbili, mara zote mbili wakakuta hana Ebola. Wakamtoa. Lakini kila kitu kilichoingia upande wa wagonjwa hakikuwa na ruhusa ya kutoka. Nguo zake zilichomwa. Kadi nayo ikachomwa.

Dereva alipotuletea habari hiyo, mmoja wetu, hatutasema nani, alisema kwa sauti ya chini: "Basi hatasoma mlango wa 21." Na wengine tulielewa mara moja maana yake: hakuna mtu atakayejua. Tuseme ukweli mbele yenu, kwa muda mfupi tulipumua.

Halafu tuliona haya. Hakuna mtu aliyetukemea, mwalimu hakuwa karibu. Tulienda nyuma ya vyoo, sisi watano. Mguu mmoja wa benchi ulikuwa umeoza, na kuku alikuwa ametaga chini yake. Tuliiosha kwa maji ya kloro, ingawa haikuhitaji, tukatafuta msumari, tukatengeneza mguu, tukaibeba kwa mikono mitupu mpaka ndani. Wengine katika darasa walipiga kelele: "Muitoshe! Mutatuua!" Ilikuwa ni maneno yetu wenyewe, yametoka vinywani mwa wengine. Tuliyasikia vizuri kuliko siku ile tuliyoyasema. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kuikalia, tuliikalia sisi kwa zamu, kila mtu siku moja.

Usiku ule tukaanza kadi ya pili. Mkono tena, vidole vitano tena, na kidole gumba safari hii tulikipunguza. Milango ilikuwa 7, ile aliyokuwa hajaifungua. Siku zilizobaki hazikufika 7, lakini tulitaka apate yote aliyonyimwa. Chini ya mlango wa mwisho tuliandika maneno yale yale ya kwanza. Mwalimu alipoyasoma safari hii hakuuliza kitu.

Alirudi Butembo mwezi wa Desemba, siku moja ya Jumatatu, wakati tunajiandaa kwa mitihani. Tulimsikia pale mlangoni akinawa mikono, akipimwa joto. Alipoingia, darasa zima lilinyamaza. Watu hawakujua waseme nini, na mkono hauruhusiwi. Alisimama mbele ya tablo, akatazama benchi yake. Kisha akatoa kadi mfukoni, akaifungua kuelekea sisi, akavuta ukanda. Mkono wa karatasi ukatupungia. Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wote wakacheka, na yeye akaenda kukaa mahali pake.

Ugonjwa ule ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Walihesabu wagonjwa 3,470, na waliokufa 2,287. Wengi wenu muna mtu ndani ya hesabu hiyo, kwa hiyo hatuongezi maneno. Tunasema tu kwamba kulikuwa pia watu wengi ambao hawakuugua kabisa, nao hesabu yao haikuandikwa, lakini benchi zao zilitupwa nje.

Yeye mwenyewe amesoma karatasi hii kabla ya ninyi kuisoma, na ametukosoa mahali pawili. Kwanza anasema kwamba siku ile kadi ya kwanza ilipofika hakufungua mlango mmoja: alifungua sita za siku zilizopita, kisha akashindwa kuvumilia akafungua na wa saba, na wa nane, na wa tisa. Usiku akaona haya, akairudisha ile mitatu kwa kubandika na bugali. Kitendawili alikuwa amekwisha kukijua. Pili anasema kwamba mlango wa 21 wa kadi ya kwanza aliusoma. Kule ndani ya kituo, usiku wa kwanza, alifikiri kwamba huenda hatafika siku ya 21, basi akafungua yote. Alisoma kwamba benchi yake imerudishwa, akalala.

Hakutuambia jambo hili kwa miaka yote hii. Amelisema juzi tu, tulipokuwa tunaandika. Tulimwambia: "Lakini siku ile ilikuwa uongo." Akajibu: "Ndiyo. Lakini nilirudi nikaikuta."

Sasa tunamaliza masomo, tunangoja mtihani wa Serikali. Kadi tumeendelea nazo. Kwa Noeli na Bonane tunatengeneza nyumba yenye mlango wa kufunguka. Kwa ndoa, watu wawili wanaosimama pamoja kwenye kiti kimoja, na hapo ni vizuri kupima mara mbili, sababu bibi arusi akilala kabla ya bwana wake, kadi inapasuka. Kwa wanaopata diplome, kichwa ambacho ukivuta ukanda kinamwagiwa poda, kama tunavyofanya barabarani siku ya matokeo. Wengine tunabandika maganda makavu ya mgomba, ya kahawia, meusi na ya kijivu, na hayaombi rangi ya duka. Sokoni kuna kadi za ng'ambo zinazoimba zikifunguliwa. Ni nzuri. Pili yake ikiisha zinanyamaza.

Wadogo zetu, mambo ya wembe na gundi mutayajua kwa wiki moja. Shauri moja tunawaachia. Katika kadi ya kufunguka unaandika leo kitu ambacho mwenzako atakisoma siku nyingine. Kabla ya kubandika mlango wa mwisho, jiulize kama maneno ya chini yake ni ya kweli. Kama bado si ya kweli, hesabu siku ulizo nazo, uende utengeneze benchi.

Mwenye kutaka kujifunza aje Jumamosi baada ya kufagia, alete kartoni na makasi. Unga wa muhogo tunao.

Ni sisi watano wa mwaka wa nne, ambao sasa ni sita.